Vibuyu vya Mbayuwayu

Mwaka ule masika yalikuja bondeni yakakataa kuondoka. Maji yalituama kila penye shimo, hata katika nyayo za Tembo, na humo wakazaliwa mbu na visubi wasio na haya wala adabu. Simba, mfalme wa bonde, akawa hawezi kunguruma. Kila alipofungua kinywa visubi waliingia kundi zima, na ngurumo ya kutetemesha vilima ikaishia kuwa kikohozi. Wanyama walitazama pembeni ili wasionekane wakicheka.

Mwenye shida ya kweli alikuwa Mama Kanga. Vifaranga wake waliumwa machoni hadi kope zikavimba na kuziba. Kitindamimba alikuwa akidonoa kokoto akidhani ni punje. Mama Kanga hakulia, maana kilio hakilishi mtoto. Aliwalisha mmoja mmoja, mdomo kwa mdomo, akawafunika kwa mbawa zake, na huku amewafunika akawaza.

Kesho yake alikwenda barazani kwa Simba. Alieleza kwamba alipokuwa mdogo kwao waliishi chini ya jabali walipojenga mbayuwayu, na mahali pale mbu hakujulikana hata kwa sura. Mbayuwayu hushinda hewani akila wadudu, na jioni bado ana njaa. Hupita bondeni kila mwaka masika yanapokwisha. Wakitungikiwa vibuyu vyenye milango, watakaa.

Simba aliuliza jambo moja tu, vibuyu hivyo vitatungikwa uani kwa nani.

"Kwako, Mfalme," alijibu Mama Kanga.

"Basi ni wazo langu," alisema Simba, akakohoa.

Fisi alijitokeza upesi akaomba kazi ya kujenga. Wanyama walishangaa, kwa kuwa Fisi siku ya kulima huwa ana homa na siku ya kula huwa mzima. Lakini alisema kwa unyenyekevu kwamba nyumba hiyo ataiita Kasri ya Wageni wa Simba, na Simba akalipenda jina kabla hajaiona nyumba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Fisi, akajilamba mdomo.

Mama Kanga aliuona ulimi ule. Hakuusahau.

Badala ya kuvitungika uani kwa Simba, Fisi alitungika vibuyu karibu na kichaka cha pango lake, chini kabisa, kwenye tawi ambalo angelifikia akiwa ameketi. Kila kibuyu alikitoboa mlango mpana wa kupitisha kichwa chake. Mama Kanga alipomwambia kwamba mbayuwayu hupenda juu na peupe, na mlango mdogo, alijibiwa kwamba kanga hulala juu ya miti kwa sababu hajui kujenga.

Mbayuwayu wa kwanza akaja, yule anayetumwa mbele kutafuta makazi. Alizunguka kibuyu kimoja, akachungulia, akaja kutua karibu na Mama Kanga.

"Mama, mlango huu niingie mimi, au aingie mwenye nyumba?" aliuliza.

Mbayuwayu alimwambia kwamba wenzake wako nyuma ya vilima na atapita nao mara moja tu. Wakiona mahali ambapo wao tu wanaweza kuingia, watakaa. Wasipoona, wataendelea na safari. Akaruka.

Fisi alikuwa wa kwanza kufika kwa Simba na habari. Alidai kwamba mgeni amefukuzwa na kelele za Mama Kanga, ambaye sauti yake kila mtu anaijua. Simba hakuweza kuvumilia kukataliwa na ndege asiyejaa hata kiganja chake. Akatoa amri: mbayuwayu wakipita bila kukaa, Mama Kanga achukue watoto wake akaishi ng'ambo ya kinamasi.

Ng'ambo ya kinamasi mbu walikuwa wengi kiasi cha kufanya kivuli. Kwa vifaranga wasioona, hiyo haikuwa amri ya kuhama. Ilikuwa amri ya kufa.

Mama Kanga alikwenda moja kwa moja kwa Sungura, akamkuta amelala chali kwenye majani.

"Dada Kanga, mimi mgongo wangu haupendi kazi," alisema Sungura kabla hajaulizwa.

"Sikuja kwa ajili ya mgongo. Nimekuja kwa ajili ya masikio yako. Katika bonde hili nani ana masikio marefu ya kuumwa kuliko wewe?"

Sungura aliyapapasa masikio yake yaliyojaa vipele. Akainuka.

Katikati ya uwanja wa Simba palikuwa na mti mkavu uliopigwa radi, mrefu, hauna jani wala kichaka karibu. Sungura alitoboa vibuyu vipya kwa meno, na Mama Kanga akavipima kwa mwili wake: tundu likipitisha kichwa chake na kukwamisha mabega, ndilo hilo. Kisha alipaka tope na chokaa ya kinyesi cha ndege kwenye kila mlango, ili wageni waone kana kwamba ndugu zao waliwahi kukaa pale. Akaruka na vibuyu kimoja kimoja hadi juu, akavifunga kwa kamba za mkonge. Kikabaki kibuyu kimoja kikubwa mno, chenye mdomo mpana, ambacho hakuweza kukiinua. Akataka kukitupa.

"Kiache hapo chini," alisema Sungura. "Kitapata mpangaji."

Fisi alipita, akatazama juu kwa huzuni, kisha akatazama chini. Aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kibuyu kile ni cha nani.

Sungura alimnong'oneza kwamba ni cha mfalme wa mbayuwayu. Mfalme huyo, alisema, amenona hata hawezi kuruka, huletwa akiwa amebebwa, na atafika mapema kuliko wenzake. "Lakini Kaka Fisi, usimwambie mtu. Najua wewe ni msiri."

Fisi alipoondoka, Sungura akaenda kuokota mfupa wa paja uliobaki kwenye mlo wa Simba, akautia ndani ya kibuyu.

Adhuhuri, wakati Simba amesinzia, Fisi alinyemelea. Harufu ilimpokea mlangoni. Alitumbukiza kichwa chote, akaung'ata mfupa katikati, akavuta. Mfupa ulikaa kama komeo, na kichwa kikagoma kutoka.

"Achia mfupa, utatoka," alisema Mama Kanga.

"Nikiuachia, nani ataula?" ilijibu sauti kutoka ndani ya kibuyu.

Akabaki amesimama juani, kibuyu kichwani, anazunguka. Sasa, Fisi hajaoga tangu kuzaliwa, na mdudu yeyote mwenye pua anajua hivyo. Inzi wakaja, visubi wakaja, mbu wakaja hata kutoka ng'ambo ya kinamasi. Wingu jeusi likasimama juu yake kama moshi.

Nyuma ya vilima mbayuwayu waliliona wingu lile. Hawakuhitaji kuitwa. Walishuka kama mvua ya mishale, wakala, wakapanda, wakashuka tena. Walipochoka walitafuta pa kupumzika, wakaiona milango ile midogo juu kabisa, peupe, yenye alama nyeupe. Yule wa kwanza alijaribu mabega yake, akapita. Akatoa kichwa nje, akawaita wenzake.

Simba aliamka. Alifungua kinywa kwa hadhari, akasubiri, hakuingia hata mdudu mmoja. Akanguruma. Fisi alishtuka hadi akauachia mfupa, na kibuyu kikaanguka na mfupa wake ndani.

"Huo mfupa ni wangu," alisema Simba. "Na wewe, Fisi, unanuka vizuri kwa kazi. Kila adhuhuri utakaa chini ya mti huu, uwaitie wageni wangu chakula. Hilo nalo ni wazo langu."

Mama Kanga hakungoja kusifiwa, maana hakuna aliyekuwa akijiandaa kumsifu. Aliwakusanya watoto wake. Siku zilipopita kope zikanywea, na asubuhi moja kitindamimba alidonoa kokoto, akaitema, akadonoa punje. Chini ya mti Fisi alikuwa amekaa, inzi puani, akitazama juu kwenye vibuyu vilivyojaa makinda manono ambayo hatayafikia.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.