Nta Masikioni mwa Mzee Mfaume

Nta haichagui sauti. Mmemsikia Bi Tatu asubuhi hii akimwambia mumewe hivyo, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza nta na sauti zina undugu gani. Haya, kaeni. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Methali hii ilianza hivi.

Mjini Tabora, katika mtaa mmoja usio mbali na stesheni ya gari moshi, aliishi mshona kofia aliyeitwa Mzee Mfaume. Kofia zake hazikupelekwa sokoni. Watu walizifuata nyumbani kwake, wakasubiri miezi, na bwana harusi aliyezivaa alitembea shingo imenyooka. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Hamduni, na Mzee akaweka moyo wake wote kwa kijana huyo. Alitaka amrithishe sindano kama yeye alivyorithishwa na baba yake.

Hamduni hakuitaka sindano. Alitaka kazi ya reli, aende aone miji. Walivutana muda mrefu, baba akibembeleza, kisha akikaripia, na siku kijana alipotoka na kisanduku chake mkononi, watu wakiwa wamejaa barazani, Mzee alitamka neno ambalo angetoa mkono wake wa kulia kulirudisha. "Nenda," alisema. "Lakini kizingiti hiki usikivuke tena mpaka upige hodi na mimi nikuitike. Nisipokuitika, ujue bado sijakusamehe." Hamduni aliinamisha kichwa, akasema amesikia, akaenda zake.

Ninyi siku hizi mnaingia majumbani mwa watu simu sikioni, hodi mkaipigia jikoni. Zamani haikuwa hivyo. Hodi ilikuwa tatu. Unapiga ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu usipoitikiwa, unageuka unarudi ulikotoka, wala huchungulii wala hununi, maana mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Hamduni alilelewa katika adabu hiyo, na aliyemlea ni huyo huyo baba yake.

Hasira ya mzazi haikai. Mvua za mwaka ule hazijakatika, Mzee Mfaume alikuwa amekwisha kumsamehe mwanawe, lakini hakujua amtume nani wala amtafute wapi, na aibu nayo ilimshika. Akabaki kungoja. Kila hodi ilipopigwa mlangoni pake moyo ulimruka, na jibu alikuwa nalo tayari: karibu, mwanangu. Mgeni akiwa ni mteja wa kofia, jibu lile alilimeza, akasema karibu tu kama watu wengine. Miaka ilipita hivyo.

Ndipo nyumba ya pili ikapata mpangaji. Fundi Mihayo alikuwa mfua bati, mtengeneza ndoo, makarai, vibatari na masanduku ya wasafiri. Alifungua kazi baada ya chai ya asubuhi akafunga jua likiteremka, na katikati yake ilikuwa nyundo juu ya bati, bati juu ya chuma. Ukuta wa pamoja ulitetemeka. Mzee Mfaume, ambaye kazi yake ni kuvipanga vitobo vya kofia kimoja baada ya kimoja pasipo kukosea, alianza kukosea. Kichwa kilimgonga. Kofia moja ya viua, kazi ya miezi, aliifumua yote kwa sababu mkono ulitikisika.

Alikwenda kwa jirani yake kumlalamikia. Fundi alimkaribisha kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba nyundo ikitua chini na chungu kinatua chini, na ana watoto. Alisema pia kwamba zipo nyakati huwa anaiweka nyundo, Mzee asidhani yeye ni mtu asiyejali. Mzee hakuuliza ni nyakati zipi. Alirudi nyumbani amekasirika, akaamua kuyatafutia masikio yake mlango.

Alianza na pamba. Ilipunguza, lakini nyundo aliisikia. Akachomoa sufi kidogo kwenye mto wake, akaisokota, akaona ni afadhali, ila bado. Akajaribu kitambaa kilicholowekwa mafuta ya nazi, kikamwasha. Dada yake, Bi Tunu, aliyekuwa akimletea chakula cha mchana, alimkuta amezungukwa na takataka zile, akataka kujua anachezea nini. Alipoelezwa, alimshauri abaki na pamba, kwani mwenye pamba husikia kidogo, na mtu mzima anayeishi peke yake hana budi asikie kidogo.

"Hicho kidogo, dada, ndicho kinachoniumiza," alisema Mzee.

Basi akatazama kisanduku chake cha kazi, akaona donge la nta. Washona kofia hupitisha uzi wao juu ya nta ili usikatike wala usijipindue, na nta ya Tabora mnaijua, nyuki wa miombo hawana mfano. Alimega kidogo, akailainisha kwa vidole, akaziba sikio la kulia, kisha la kushoto. Nyundo ikafa. Aliutazama ukuta, akaona vumbi linadondoka kwa mtikisiko, lakini sauti hapana. Machozi yalimtoka kwa raha.

Msimwone mjinga. Hodi aliifikiria. Alijiambia kwamba ataziba wakati nyundo inalia tu. Fundi akinyamaza, atazibua. Hapo ndipo alipokosea. Aliyezibwa na nta atajuaje kwamba nyundo imenyamaza?

Kazi ilirudi kuwa nzuri. Alihama barazani, akatandika mkeka ndani, akauelekeza uso kwenye mlango wa uani uliokuwa na mwanga, na mlango wa mbele ukabaki wazi nyuma ya mgongo wake. Bi Tunu aliingia kwa kumgusa bega. Wateja waliokuja wakapiga hodi wakaondoka walirudi siku nyingine jioni, na Mzee aliwaambia tu kwamba huenda alikuwa kwenye swala.

Siku moja alishona kwa utulivu ambao hakuwahi kuupata tangu ujana. Sindano ilikwenda yenyewe. Kivuli cha ukuta kilipofika katikati ya ua alijua alasiri imeingia, akaweka kofia, akazibua masikio ili atawadhe. Akashangaa. Hakukuwa na nyundo. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na Fundi Mihayo hakuwa na kawaida ya kufunga kazi saa hizo.

Alitoka mbele kuangalia kulikoni. Juu ya kizingiti palikuwa na kitu kimefungwa kwa leso. Alikifungua. Ilikuwa kofia ya viua, imeshonwa kwa mkono. Mishono yake ilikuwa ya mtu aliyejifunza ukubwani, mingine imebana, mingine imelegea, lakini fundo la kumalizia lilikuwa limerudishwa ndani mara mbili. Mjini hapakuwa na mtu aliyefunga fundo namna ile isipokuwa Mfaume, na baba yake kabla yake.

Fundi alikuwa amekaa mlangoni kwake, nyundo iko chini, mikono juu ya magoti. Mzee alimwendea na kofia ile mkononi.

"Fundi, nani ameweka hiki?"

"Mwanao," alijibu Fundi. Hakuinua uso. "Alikuja na sanduku lake. Nilipomwona amesimama mlangoni pako niliiweka nyundo chini, kama ninavyofanya kila akija mtu kwako, ili hodi yake uisikie."

"Kila akija mtu?"

"Tangu nihamie hapa, Mzee."

Fundi akaendelea, kwa kuwa lilikuwa jambo la kumalizwa. "Alipiga ya kwanza. Alikuona mgongo, unashona. Akapiga ya pili, akasema, hodi baba, ni mimi Hamduni. Sindano yako haikusimama. Ya tatu aliipiga kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nilitaka kuingia nikuguse, lakini neno la baba na mwana mimi ni nani niliingilie. Nikadhani umekataa. Naye akadhani hivyo hivyo. Alifunga ile kofia, akaiweka, akaniambia amehamishiwa mbali, alitaka kuondoka na radhi yako. Sikuweza kuigusa nyundo tena."

"Nilikuwa nimeziba masikio kwa nta," alisema Mzee. "Kwa ajili yako."

Fundi aliinuka, akamwonyesha njia aliyoshika kijana, ya stesheni.

Mzee alikwenda stesheni kichwa wazi, bila viatu, kofia mkononi. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Aliwaomba makuli, wakata tiketi, na kila msafiri aliyeweza kumshika mkono, wamfikishie Hamduni kwamba baba yake amemsamehe, alimsamehe zamani. Miaka yote iliyofuata hakuacha kutuma salamu hizo. Kama zilifika, hazikuleta jibu. Hamduni hakuonekana tena Tabora.

Ile nta aliitupa. Aliugeuza mkeka wake, akawa anashona uso umeelekea mlango wa mbele, na alipokwenda tena kwa Fundi hakwenda kulalamika. Alimwomba jambo moja, kwamba apige nyundo yake bila kumwonea huruma, maana sasa anaihitaji. Tangu hapo nyundo ikilia, Mzee alishona. Nyundo ikinyamaza, aliinua kichwa, na kabla hodi ya kwanza haijapigwa watu walimsikia kutoka ndani akisema, "Karibu, mwanangu." Alimwambia hivyo mteja, mwombaji, muuza kuni, yeyote aliyesimama pale. Wageni walidhani ni ukarimu wa mzee. Wa mtaani walijua, wakaitikia, wakaingia.

Alipofariki alizikwa baada ya swala ya adhuhuri, na siku ile nyundo haikulia kabisa. Mtaani kila mtu alikuwa na sababu yake ya kile kilichomwua, ila Fundi Mihayo hakutaja ugonjwa. Alisema tu maneno ambayo Mzee mwenyewe alikuwa akiyarudia huku akiitazama ile kofia yenye mishono isiyolingana, iliyotundikwa mbele yake na ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameivaa.

Sasa mrudieni Bi Tatu mkamwangalie usoni. Mumewe amechoka kusikia maneno ya nduguze, ameapa kutowasikiliza tena wote, wema na wabaya. Bi Tatu hakumfanyia mzaha. Alimwambia: nta haichagui sauti.