Chewa Alivyopewa Usheha wa Mwamba

Haya, sogeeni. Huyo anayetafuna ameze kwanza, ngano haiitikiwi na mdomo umejaa muhogo. Nikisema naja, mnasema njoo.

Naja?

— Njoo.

Naja maji yamekupwa?

— Njoo na miguu mikavu.

Naja na uongo wangu?

— Njoo nao, tutauchambua.

Basi hapo kale, kwenye mwamba mmoja huko nje, kulikuwa na mtu mdogo anaitwa Kitelezi. Mdogo hasa. Ukimweka kwenye ncha ya sindano, unamtafuta. Akikaa peke yake humuoni. Wakikaa ukoo mzima ndo unaona jiwe limefanya utando, kijani si kijani, buluu si buluu, na ukilikanyaga, teleee, upo chini, kanga kule, ndoo kule. Mie ashanibwaga huyo nikienda kuokota chaza, na mawifi zangu wakanicheka mpaka wakakaa majini.

Lakini mpishi. Wenzake wanapika wali, yeye anapika hewa. Anaota jua, anaivuta hewa iliyomo majini, anaikoroga, anaikoroga, mpaka inakuwa chakula. Mnaniangalia nini? Alikuja dada mmoja wa chuo na vichupa vyake, anakwangua mawe. Nikamuuliza, kweli huyu anapika hewa? Akanambia kweli shangazi, hewa hewa. Halafu akakanyaga vibaya, teleee. Tukacheka wote wawili.

Ila chakula cha Kitelezi kina sharti. Hakiivi bila chumvi. Na chumvi yake, nisameheni mlio na sahani mkononi, ni mavi ya samaki.

Msinicheke. Kule ndo desturi ilivyo. Wana sahani yao, gamba la kombe, inazunguka mwamba mzima. Kitelezi anapika, anampelekea jirani yake Bi Tumbawe. Bi Tumbawe anakula na watoto wake, maana ana watoto huyo, kila tundu mtoto, kisha anaitia sahani makamasi yake. Ndiyo, makamasi. Wadudu wa majini wanayapenda kama nyie mnavyopenda kashata. Inafika kwa Pono, yule samaki mwenye mdomo wa kasuku, anayetafuna mawe karakacha karakacha na kunya mchanga. Ule mchanga mweupe mnaojengea vinyumba pwani, haya, nisiseme. Pono naye anatia chake, sahani inarudi kwa Kitelezi, chumvi imepatikana, mapishi yanaanza upya.

Sahani inakwenda, sahani inarudi, na hairudi tupu.

Walikaa hivyo, wanasengenyana, wanagombana, lakini wameshiba.

Akaja Chewa.

Chewa, mdomo kama mlango wa dukani. Akaingia pangoni katikati ya mwamba, akajaza pango zima. Sahani ikipita kwake, gwap. Hajauliza ya nani. Hatii kitu, hata ute. Tena mbaya zaidi, akibanwa na haja anatoka, chubwi, anakwenda zake kilindini, mbali, anajisaidia huko, anarudi mwepesi.

Pono akamwambia, "Bwana Chewa, kwani hapa hapafai?"

Chewa akasema, "Changu ni changu, kikiingia na kikitoka."

Basi sahani ikawa inakwenda, hairudi. Chumvi ikaisha. Kitelezi anakoroga, anakoroga, chakula hakishiki. Bi Tumbawe, aliyekuwa na rangi yake nzuri ya tangawizi, akaanza kupauka. Watoto wake wakawa weupe kama chokaa. Na mnajua mwamba ukipauka unakufa, na ukifa unavunjika, na ukivunjika wote hawana pa kukaa.

Kitelezi akaenda kwa Bi Tumbawe. "Shoga, una nini ndani?"

"Nina sahani hii moja. Ya watoto. Baada ya hii, hakuna."

"Nipe."

"Unawapikia?"

"Nampelekea Chewa."

Bi Tumbawe akamtazama. "We Kitelezi, jua limekuingia kichwani. Wanangu wanakufa, nimlishe mwizi?"

"Nipe, shoga. Isiporudi imejaa, njoo unikwangue nyumbani kwangu, usibakishe hata doa."

Bi Tumbawe akawatazama watoto, akaitazama sahani. Mkono unatoa, mkono unarudisha. Mwisho akampa, akageuka asiione ikiondoka.

Kitelezi huyo mpaka pangoni. "Hodi. Shikamoo, Bwana Chewa."

"Marahaba. Nani? Nasikia sauti, simuoni mtu."

"Niko hapa kizingitini, mkubwa wangu. Nimetumwa na mwamba. Tumekaa tumeshauriana, tukaona hatuna Sheha, mkubwa wa mtaa. Nani anafaa? Mwenye mwili. Nani ana mwili? Wewe."

Chewa akavimba mashavu. "Mmechelewa kuliona hilo."

"Tusamehe. Sasa leo ndo pongezi zako, watu watakuja na sahani. Ila unajua desturi. Sheha akipongezwa haondoki kitini mpaka mgeni wa mwisho aage. Akinyanyuka, usheha anauchukua aliye karibu."

"Aliye karibu ni nani?"

"Mkunga. Yuko tunduni pale, anachungulia."

Na kweli Mkunga alikuwa anachungulia, lakini huyo toka azaliwe hana kazi nyingine.

Chewa akasema, "Sinyanyuki. Walete."

Wakaletwa. Ikaja sahani ya Bi Tumbawe, gwap. Akaja Pono na yake, gwap. Wakaja kaa, wakaja kamba, kila mtu na kombo la mwisho alilokuwa amelificha, gwap, gwap, gwap. Kila mgeni anatoa pongezi, ndefu hiyo, anataja mpaka mababu wa Chewa asiowajua.

Tumbo la Chewa likasema guru.

Chewa akanyanyuka kidogo. Kitelezi akasema, "Mheshimiwa, mgeni mlangoni." Chewa akakaa.

Wakaja wengine, gwap, gwap. Tumbo likasema guru guru.

Chewa akanyanyuka. "Mheshimiwa, mgeni mlangoni. Na Mkunga katoa shingo." Chewa akakaa.

Akaja konokono. Jamani, konokono kutoa pongezi. "Mi... mi... minasema..." Chewa macho yamemtoka, mapezi yanatetemeka, jasho lingekuwa linaonekana majini mngeliona. Tumbo likasema guru guru guru guru. "Mi... mi... minampongeza..."

Chewa akasema kwa sauti ndogo, "Malizia, baba."

"...Mhe... mhe... mheshi..."

Pruuuuu.

Weee. Maji yaligeuka rangi. Pango halionekani, mgeni hamuoni mgeni. Konokono kafukiwa na heshima zake zote. Chewa yuko pale, aibu imemjaa, anatafuta pa kuuficha uso, na uso wenyewe mkubwa vile.

Pono akaanza kucheka, kwi kwi kwi. Chewa akafungua mdomo ammeze.

Kitelezi akawahi. "Nyamazeni nyote. Hamkuona? Sheha wetu amerudisha sahani. Katika wote waliowahi kutia kitu kwenye sahani ya mwamba huu, nani amewahi kutia kingi hivi? Pigeni vigelegele."

Bi Tumbawe alipauka, lakini si mjinga. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Chewa akatazama kushoto, akatazama kulia. Anapigiwa vigelegele, yeye. Mdomo ukafumba. Akakohoa. "Hmm. Ndiyo. Nilikusudia."

"Tulijua, Mheshimiwa."

"Ni kidogo tu. Kesho nitatoa zaidi."

Hata Mkunga alirudi tunduni mwake, anashika mbavu.

Kitelezi akapata chumvi yake. Akapika, akapika, jiwe zima likawa buluu. Sahani ikaenda kwa Bi Tumbawe imefurika. Watoto wakala, tundu moja likapata rangi, la pili likapata rangi, mpaka mwamba ukarudi tangawizi tupu. Bi Tumbawe hakumkwangua mtu. Alimwambia tu, "Shoga, siku nyingine ukiwa na akili, nihadithie kabla."

"Ningekuhadithia, ungempa?"

"Nisingempa hata dagaa."

Na Chewa? Yuko. Kila asubuhi anakaa mlangoni mwa pango, anasafisha koo, anasema, "Wananchi, nimewaletea maendeleo," kisha anayatoa hapohapo. Kilindini haendi tena, anaogopa Mkunga atakalia kiti. Kula bado anakula kama gunia limetoboka, ila sasa kikiingia kinatoka ndani ya mwamba. Mpaka kesho anaamini yeye ndo anawalisha. Na ukitazama vizuri, jamani, anawalisha kweli.

Sasa funzo, maana mama zenu watasema nawafundisha uchafu tu. Funzo ni kwamba uchoyo ni mzuri. Mtazameni Chewa, amekula vya watu, amenyima watu, mwisho kapata cheo, kapata kiti na vigelegele. Kitelezi kafanya kazi yote, na mpaka leo tunamkanyaga na kumtukana. Basi kuweni wachoyo, wanangu, mtafika mbali.

Ila si kwenye sahani zangu. Nimewapa mihogo na samaki, nazitaka kesho, na mama zenu wanajua zinavyorudishwa. Wewe uliyecheka sana, kipo kingine cha kutia zaidi ya kile cha Chewa.

Naenda?

— Nenda.

Naenda sahani nimeziacha?

— Zitarudi.

Zitarudi vipi?

— Na kitu ndani.