Shamba la Maji la Nyamizi

"Mafunjo ni shamba la maji." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nani alikula mafunjo akashiba. Methali hii ilianza hivi.

Katika mbuga ya Nsenga, zamani za wanangwa, waliokuwa wakuu wa vijiji, kila nyumba ilipewa kipande chake cha kulima mpunga. Watu walifyeka matete, wakang'oa mafunjo, wakajenga majaruba ya mpunga hadi ukingoni mwa mbuga. Kipande kimoja tu kilibaki na mafunjo yake, nacho kilikuwa cha mjane mmoja, Nyamizi, msuka mikeka. Kilikuwa chini kabisa, kando ya kisima kimojawapo cha kijiji.

Nyamizi hakuwa mvivu, ingawa ndivyo walivyomsema. Miaka mingi alikuwa ameingia humo kukata mafunjo ya mikeka, akaona jambo ambalo wenye majembe hawakuwa na muda wa kuliona: maji ya mvua yaliingia juu yakiwa mekundu kwa udongo, yakatoka chini meupe. Alikwisha kuwaambia. Walimjibu kwamba maji hujisafisha yenyewe.

Lakini sheria ilikuwa sheria. Kipande kisichopandwa hadi siku ya kuhamisha miche kilipewa mtu mwingine. Mwanangwa Kapela, mtu mkali ila mwenye kushika neno lake, alimpa siku sita.

Nyamizi alikasirika hata chakula kikamshinda. Asubuhi yake alichukua jembe na kamba, ile ile ya kunyooshea mistari ya mpunga, akaingia mbugani. Aling'oa magugu. Palipokuwa na mapengo alipanda vishina vya mafunjo, mstari baada ya mstari, tope likimfika mapajani. Wapita njia waliuliza kama jua limempiga kichwani. Aliendelea kupanda, kazi ilikuwa nyingi.

Siku ya sita Kapela alifika na wazee wake.

"Nyamizi, hiki ni nini?"

"Shamba, Mwanangwa."

"Shamba la nini?"

"La maji."

Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Nyamizi alisubiri wamalize.

"Sheria yako ilisema kipande kipandwe," akasema. "Nimelima, nimepanda, na palizi nimeifanya. Haikusema nipande nini. Kama umeibadilisha, niambie hapa mbele ya watu."

Kapela alitazama mistari ile iliyonyooka kuliko ya jaruba lake mwenyewe. Akamwachia kipande chake. Aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo mama yule akaitwa kwa dhihaka Mlima Maji, yaani mwenye kulima maji. Jina lilimuuma, lakini hakung'oa hata shina moja.

Mwaka wa pili mvua zilikuja kwa fujo. Vilima vilivyozunguka mbuga, navyo vilishafyekwa, viliachia udongo, ukashuka ukaziba visima vyote vya juu. Watu walichota tope, wakalichuja kwa kitambaa, wakanywa, na watoto wakaanza kuharisha. Kisima kimoja tu kilibaki kinang'aa, kile cha chini, kilichopokea maji yaliyopita kwenye mafunjo ya Nyamizi.

Wanawake walikuja na mitungi. Nyamizi aliwapisha wote wateke, hakuwauliza lolote. Mwisho alikuja Kapela na kibuyu chake, maana mjukuu wake alikuwa hoi kitandani. Hapo Nyamizi alisimama njiani.

"Mjukuu wako ameshapelekewa mtungi, mkeo ameubeba sasa hivi," alimwambia. "Hiki kibuyu ni chako wewe. Utateka, lakini kwanza useme, hapa nilipopanda ni pori au ni shamba?"

Wanawake walitua mitungi yao wasikie.

"Ni shamba, mama."

"La nini?"

Kiu ilikuwa imemkausha koo, na watu wote aliowatawala walikuwa wakimtazama. Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Mafunjo ni shamba la maji."