Tabasamu la Tunu, Mtoto wa Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba zenye milango, wakipika kwenye mafiga na kubisha hodi kabla ya kuingia, palikuwa na Simba mmoja aliyeitwa Ngasa. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima wa mawe. Juu yake, kwenye ufa wa jiwe kubwa, aliishi Pimbi, mama mjane jina lake Nyamizi, na watoto wake watatu.

Pimbi mnamjua? Ni kanyama kadogo, kanene kidogo, hakana mkia wa kujivunia. Simba akifungua kinywa, pimbi anaingia mzima mzima. Basi Nyamizi alijifunza mapema kwamba nguvu zake zote ziko kichwani.

Ngasa alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, ambaye alimpata uzeeni. Tunu alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Ngasa alimpenda mtoto yule hata kutembea akawa anatembea polepole asimwamshe. Na kila jioni, jua likishazama, alichukua kibuyu kidogo, akatia maziwa, akatia asali, akakoroga, akamwekea Tunu mdomoni kitandani.

"Nyonya, baba. Nyonya ulale."

Nyonya, nyonya, nyonya, mpaka usingizi unamchukua na asali bado imeganda kwenye meno. Akishtuka akilia, anawekewa tena kibuyu.

Siku zikapita. Siku moja Tunu akaanza kulia, na kilio hicho hakikunyamazishwa na kibuyu.

"Nyeee! Nyeee!"

Akipewa nyama, anaitema. Akipewa maji ya baridi, anaruka kama kachomwa. Akawa anashika shavu, anakataa chakula, anakonda hadi mbavu zinahesabika. Mama yake, Bi Kabula, akambeba mgongoni mchana kutwa, huku na huku, huku na huku.

Ngasa akaita majirani wote. Akasimama mlangoni, akanguruma mpaka vijiwe vikaporomoka mlimani, porrro!

"Kuna mtu amemtupia mwanangu kijicho! Nawapa siku saba. Aliyefanya hivyo ajitokeze. Asipojitokeza nitaanza na nyumba iliyo karibu nami, nitamaliza na iliyo mbali."

Nyumba iliyo karibu naye ilikuwa ya Nyamizi.

Wengine walikwenda kufunga mizigo. Nyamizi hakufunga mzigo. Alikaa kwenye jiwe lake akawaza, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kitu. Wiki moja nyuma Tunu alikuwa akicheza pale chini, akainua kichwa kumtazama, akacheka. Juu ya meno yake mawili ya mbele, pale yanapokutana na ufizi, palikuwa na mistari myeupe, myeupe isiyong'aa, kama chaki. Na jino la pembeni lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, na lina kishimo.

Alivijua vitu vile. Mwanawe wa kwanza, Nkwabi, alikuwa navyo alipokuwa mdogo. Nyamizi alijisemea wakati ule, "Meno ya utoto haya, si yataanguka yenyewe?" Akaacha. Shavu la Nkwabi likavimba kama embe, homa ikampanda siku tatu, na Nyamizi akakaa siku hizo tatu akimhesabia mtoto pumzi. Nkwabi alipona. Lakini mama yake hakusahau kuhesabu.

Kesho yake asubuhi akamkuta Bi Kabula kisimani.

"Shikamoo, mama Tunu."

"Marahaba, Nyamizi. Mwenzio sijalala."

"Pole sana. Dada, usinielewe vibaya. Umewahi kumwinua Tunu mdomo wa juu ukamtazama meno? Yale ya mbele? Mimi nafikiri meno ndiyo yanayomuuma. Na ile asali ya usiku..."

Hakumaliza. Ngasa alikuwa nyuma ya kichaka, amekuja kumpokea mkewe ndoo.

"Nini?" Akaruka mbele yao. "Asali? Asali ninayompa mimi? Kwa hiyo mimi baba yake ndiye ninayemwumiza mwanangu?"

"Bwana mkubwa, sikusema..."

"Ana meno ya utoto huyo! Yataanguka, yataota mengine! Ondoka mbele yangu kabla sijasahau kwamba nimetoa siku saba!"

Nyamizi akatimua mbio, pu-pu-pu-pu, mpaka ufani. Alipotulia akasema peke yake, "Haya. Ukweli ameukataa mlangoni. Itabidi nimpitishie dirishani."

Siku ya tatu, Ngasa alipopita chini ya mlima, alisikia makelele juu.

"Sugua, Limi! Sugua na ya nyuma! Wewe, temea mate kule! Unataka mtoto wa Fisi atushinde?"

Ngasa akasimama. Akatazama juu. Watoto wa Nyamizi wamepangwa mstari, midomo wazi, kila mmoja na mswaki.

"We Pimbi! Kuna nini huko?"

"Aa, Shikamoo, bwana mkubwa! Hakuna kitu. Ni hili shindano tu."

"Shindano gani?"

Nyamizi akashika mdomo, kama mtu aliyeropoka. "Kumbe hujaambiwa? Ah, basi. Labda waliona Tunu ni mgonjwa, wakasema asisumbuliwe."

"Shindano gani, nimekuuliza!"

"La meno, bwana. La watoto wadogo. Baada ya siku arobaini, pale uwanjani. Bwana Tembo ndiye mwamuzi. Mtoto mwenye meno mazuri kuliko wote, ukoo wake utatangulia kunywa maji mtoni mwaka mzima."

Ngasa akafura. "Na watu wanadhani nani atashinda?"

"Watu wanasema Fisi."

"Fisi!" Alitoa sauti hata kunguru wakaruka. "Fisi atangulie kunywa mimi nasubiri? Mwandike Tunu!"

"Naogopa masharti yatakushinda, bwana mkubwa. Ni magumu."

"Yaseme."

Nyamizi akahesabu kwa vidole. "Mtoto akishakula chakula cha jioni anasuguliwa meno, na baada ya hapo ni maji matupu mpaka asubuhi. Asubuhi anasuguliwa tena. Kila wiki baba mwenyewe anamwinua mdomo, anatazama karibu na ufizi. Kisha lazima Mzee Korongo, mganga wa meno, amwone mtoto na atoe neno lake. Na la mwisho..." Hapo aliwatazama watoto wake. "Mtoto ambaye nyumba yake imemla jirani ndani ya siku hizo anaondolewa."

Mkia wa Ngasa ukawa unapiga chini, tap, tap, tap.

"Kwa nini hilo la jirani?"

"Mimi najua, bwana? Bwana Tembo ana mambo yake."

"Haya. Siku saba nimezisimamisha. Lakini tukishamaliza shindano, tutaonana."

Jioni ile nyumba ya Simba ilikuwa vita. Tunu alitaka kibuyu chake. "Nyeee! Nyeee!" Ngasa alimpa maji, Tunu akayatupa, chwaa! Ngasa akambeba, akamwimbia, akatembea naye mpaka miguu ikafa ganzi. Ilikuwa hivyo siku tatu. Mara mbili mkono wake ulifika kwenye mtungi wa asali, na mara mbili akamfikiria Fisi akitangulia kunywa maji mtoni, akaurudisha mkono.

Siku ya tano ya masharti hayo wakampeleka Tunu kwa Mzee Korongo, aliyekuwa akiishi kwenye matete. Korongo hakuwa na maneno mengi. Alimwambia Bi Kabula ampakate mtoto, kichwa kiegemee kifuani, kisha akamwinua mdomo wa juu kwa ncha ya bawa.

"Baba, sogea utazame. Sogea. Unaona mistari hii myeupe?"

"Naona."

"Huo ndio mwanzo wa kuoza. Hauumi, ndiyo maana watu hawauoni. Haya mawili yakitunzwa sasa, yatapona. Lakini hili la kahawia limekwisha kula mpaka ndani, na ufizi umetunga usaha. Hili lazima litoke."

"Si ni jino la utoto tu?" Ngasa aliuliza, lakini sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni la utoto, na maumivu yake ni ya kweli. Na jino hili ndilo linalolishikia nafasi jino la ukubwani. Mtoto asiyeweza kutafuna anakonda, asiyelala hakui. Usaha huu ukipanda, unaweza kumchukua." Korongo akafuta mdomo wake. "Alikuwa analala na kitu kitamu mdomoni?"

Bi Kabula ndiye aliyejibu, taratibu, akitazama chini. "Ndiyo, mzee. Asali na maziwa."

Korongo akapaka dawa ya ganzi, akang'oa jino, tik! Tunu alilia kidogo, akanyamaza, akalala palepale mapajani mwa mama yake. Korongo akawapa mswaki laini mdogo na dawa ya meno. "Mpake kiasi cha punje ya mchele tu. Mumsugue ninyi, yeye bado hajui. Siku nyingine mtoto akiota jino la kwanza, mwanze nalo siku hiyohiyo, hata kwa kitambaa safi."

Njiani kurudi Ngasa alimbeba Tunu mwenyewe.

Wiki mbili zikapita. Tunu akaanza kula. Wiki ya tatu akatafuna mfupa, kra, kra, kra. Kila Ijumaa Ngasa alimwinua mdomo, akasogeza uso mpaka ndevu zinamtekenya mtoto, na Tunu anacheka ha-ha-ha na pengo lake. Mistari myeupe ikaanza kufifia.

Siku ya thelathini na tisa Ngasa akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa Fisi kumtambia.

"Kesho uje na machozi yako! Mwanangu atamshinda mwanao!"

Fisi akakodoa macho. "Amshinde kwenye nini?"

"Shindano la meno!"

"Shindano gani, bwana? Mbona sijasikia?"

Ngasa akaenda kwa Tembo. Tembo naye hakujua lolote. Wacha wee! Alirudi mlimani akitifua vumbi, akapanda mawe mpaka kwenye ufa, akaingiza mkono mzima. Kucha zilifika shubiri moja kutoka pua ya Nyamizi.

"Pimbi! Umenidanganya! Toka!"

Nyamizi alikuwa amewaficha watoto nyuma yake. Akajibu. "Nimekudanganya, bwana mkubwa. Kweli kabisa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kisimani nilisema kweli, ukataka kunila."

Mkono ukasita. Nyuma ya Ngasa ikasikika sauti ya Bi Kabula. Alikuwa amepanda mawe polepole, Tunu mgongoni.

"Baba Tunu, toa mkono."

"Ametufanya wajinga, mama Tunu! Hakuna shindano!"

"Najua. Nilimwuliza Mama Tembo siku ya pili tu."

Ngasa akageuka. "Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Nilimwona mwanangu ametulia. Ningesema ili iweje? Urudishe asali?"

Ngasa akatoa mkono ufani. Akakaa juu ya jiwe, jitu zima lile, akainamisha kichwa mpaka manyoya ya shingo yakagusa chini.

"Kwa hiyo hapakuwa na kijicho," akasema mwisho.

"Hapakuwa nacho," Nyamizi akajibu kutoka ndani.

"Ni mimi."

Nyamizi akatoka ufani. Akakaa karibu naye, karibu sana, mahali ambapo pimbi mwenye akili hakai. "Na mimi nilimfanyia Nkwabi hivyohivyo. Hatukujua, bwana. Mtoto akilia unampa kinachomnyamazisha. Mzazi gani angefanya vingine kama hajui? Sasa tumejua."

Asubuhi iliyofuata majirani waliona kitu kilichowatoa jasho. Ngasa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Digidigi, baba mwenye nyumba akajificha chini ya kitanda.

"Hodi!"

"Tumekufa!" akasema Digidigi.

"Hamjafa. Leteni mtoto wenu hapa mlangoni, kwenye mwanga. Nataka nimwinue mdomo nitazame meno, halafu niondoke."

Na alifanya hivyo kwelikweli, wanangu, akawapata watoto wanne wenye mistari myeupe kabla haijawa mashimo.

Nami nawaachia neno moja, kisha mkalale: meno ya mtoto mdogo yatazame yakingali kimya, usingoje mpaka yamlize.