Sekunde Kumi na Moja za Bi Mwanaharusi

Kuona haya ni pambo la muungwana, lakini ipo haya ambayo humponza anayeikumbatia. Wahenga waliposema kuwa mficha uchi hazai, hawakumdhihaki mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Walitufunza kwamba anayelificha tatizo lake mbele ya mtu awezaye kumsaidia hujinyima msaada kwa mikono yake mwenyewe. Mwamini, binti wa Ikwiriri, aliikariri methali hiyo tangu darasa la nne. Maana yake aliipata akiwa na miaka ishirini na miwili, ndani ya chumba cha nyumba ya wageni, mbele ya deki mbili za video.

Ilikuwa mwaka 1998, maji ya mafuriko yalipokuwa yamerudi mtoni. Kampuni moja ya habari ya Dar es Salaam, mojawapo ya zile zilizochipuka kama uyoga baada ya milango ya biashara kufunguliwa, ilifika Ikwiriri kutengeneza vipindi kuhusu watu wa bondeni. Ilihitaji vijana wawili wa kuhariri picha za video, na watano walijitokeza kusailiwa. Mwamini alikuwa miongoni mwao. Kazi hiyo aliijua, kwani kwa miaka mitatu alikuwa akiunganisha kanda za harusi katika kibanda cha Bashiru, hadi mafuriko yalipokizamisha kibanda na mashine zake. Tayari alikwisha kusailiwa mara mbili mjini, na mara zote mbili aliulizwa swali moja tu: "Cheti kiko wapi?" Safari hii msaili, Bwana Mtoro, hakuuliza cheti. Alisema, "Nionyesheni mikono yenu." Mwamini alijua kuwa mlango huu ukifungwa, hakuna mwingine.

Bwana Mtoro alimkabidhi kanda mbili. "Hii tumeirekodi leo asubuhi. Ni Bi Mwanaharusi, mkunga wa Nyamwage. Haina nakala, itunze kama mboni ya jicho. Hii nyingine ni tupu. Nikatie dakika tatu nzuri. Alasiri tunaondoka."

Mwamini aliketi. Kwa Bashiru, deki ya kushoto ndiyo iliyorekodi na ya kulia ndiyo iliyocheza. Hapa zilipangwa kinyume, naye kwa wasiwasi hakutazama. Aliitia kanda ya mkunga mahali pa kurekodia. Alipobonyeza kitufe, mashine ikaitema. Aliigeuza, akaona kidude cha plastiki ubavuni kimevunjwa, jambo linalofanywa ili kanda isirekodiwe tena juu yake. Kibandani kwao, ambako kanda zilikuwa adimu kuliko lulu, dawa ya tatizo hilo ilikuwa moja: kuziba tundu kwa selotepu. Bila kufikiri, Mwamini alitoa selotepu mkobani, akaziba, akairudisha kanda, akabonyeza tena.

Kioo kilijaa chengachenga. Alisimamisha mashine na kurudisha nyuma. Bi Mwanaharusi alionekana akisema, "Maji yalipofika ngazi ya tatu ya dungu, yule mama akaniambia..." Hapo picha na sauti zilipotea kwa sekunde kumi na moja. Kisha: "...ndipo mtoto akalia."

Alitoka hadi barazani. Ashrafu, kijana wa Kibiti aliyekwisha kusailiwa, alikuwa akitafuna korosho.

"Vipi, dada? Mbona umekuwa kama uliyetokewa na jini?"

"Nimeifuta, Ashrafu. Nimefuta maneno ya bibi wa watu."

"Mengi?"

"Sekunde kumi na moja."

"Aa, hizo tu! Bandika hapo picha ya mto, tia na ngoma kidogo. Mpaka wagundue, umeshaajiriwa."

"Na wakigundua?"

"Sema deki imetafuna. Deki ina mdomo wa kujitetea?" Alicheka, kisha akashusha sauti kwa huruma ya kweli. "Dada yangu, ukisema, umejichimbia kaburi na kujifukia mwenyewe."

Mwamini alirudi ndani. Picha ya mto ilikuwapo, tena nzuri. Aliweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa. Yule bibi, aliyewaaga baada ya kurekodiwa, alikuwa stendi wakati huo. Jioni angekuwa ng'ambo ya mto, na maneno yake yangekuwa yamepotea moja kwa moja. Alikwenda kumgongea Bwana Mtoro.

"Samahani, bwana. Nimefuta kipande cha kanda ya mkunga."

"Haiwezekani! Kidude nilikivunja kwa mkono wangu!"

"Niliziba tundu kwa selotepu."

"Selotepu uliipata wapi humu?"

"Natembea nayo."

Bwana Mtoro alighadhibika, akashika kichwa, akatazama saa. "Bibi yuko wapi sasa?"

"Stendi. Anangoja gari la kwenda kivukoni Ndundu."

"Basi kimbia! Nami niandae kamera."

Mwamini alimkuta amekwisha kuketi garini, kikapu mapajani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si wewe wa kule kwenye kamera? Nimesahau nini?"

"Hukusahau kitu. Mimi... nimekufuta."

"Umenifuta? Mafuriko yamenishindwa, unifute wewe?" Abiria waliangua kicheko. Bibi alimtazama binti aliyekuwa akilengwalengwa na machozi. "Na umekuja kusema mwenyewe? Haya, shika kikapu. Konda, nipishe, natakiwa kwenye video!"

Mbele ya kamera, bibi alirudia. "Maji yalipofika ngazi ya tatu ya dungu, kile kibanda chetu cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, yule mama akanivuta kanga, akaninong'oneza: 'Bibi, uchungu umenishika tangu jana. Nimemwonea haya baba mkwe.' Na mkwe yumo humo humo, hatua mbili! Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nikamwambia mkwe, geuka utazame maji. Nikashika kazi, ndipo mtoto akalia. Lau angenyamaza mpaka jioni, ningewazika wote wawili."

Bwana Mtoro alizima kamera taratibu.

"Nami nimekosa," alisema. "Kanda isiyo na nakala haipewi msailiwa." Kisha akamgeukia Mwamini. "Wenzako wanne wote wameniambia kila kitu kimekwenda sawasawa. Sasa itanibidi nizitazame kanda zao tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kwako najua ilipoharibika, na imekwisha kutengenezwa. Jumatatu tunarekodi Bungu. Uwe huko saa moja asubuhi."

Mwamini alishukuru. Akainama, akakichukua kikapu cha bibi ili amsindikize stendi. Mama wa dunguni alipata mwana, na binti wa Ikwiriri alipata kazi, kwa kuwa kila mmoja alithubutu kuifunua aibu yake kabla wakati haujapita. Ama kweli, mficha uchi hazai.