Miiba Iliyogeuzwa Nyuma

Mkimwona nungunungu leo, miiba yake imelalia mgongoni, msidhani aliumbwa hivyo. Zamani hizo miiba ilitazama mbele, na waliokutana naye njiani walimwamkia kwa mbali. Naye mhanga, yule mwenye masikio marefu na pua ya kunusia mchwa, hakujua shimo ni nini. Alikuwa hakimu wa mwitu mzima, na alilala usingizi wake vizuri.

Ukaja ukame. Mfalme Chui akapiga marufuku mtu kunywa maji kabla yake. Wenye kiu wakakusanyika kisimani, na mbwa mwitu, askari wa mfalme, wakatumwa kuwatawanya. Katika vurumai hiyo mume wa Bi Nungunungu aling'atwa akafa. Mjane hakuuliza ni nani. Alimrukia askari aliyekuwa karibu, akamchoma, naye akafa palepale.

Sheria ya Chui ilikuwa moja: anayeinua silaha mbele ya askari hunyonyolewa. Na nungunungu asiye na miiba ni kitoweo tu.

"Mheshimiwa," alisema mkuu wa askari barazani, "sisi tulituliza fujo. Huyu mama ameua."

"Na mume wake?" aliuliza Mhanga.

"Yule alifariki wakati wa kutulizwa."

"Basi na mimi, baba," alisema Bi Nungunungu, "nilimtuliza mmoja."

Baraza likaangua kicheko. Kikakatika mama wa yule askari aliposimama. "Mwanangu hakumgusa mumeo, mwenzangu. Ilikuwa zamu yake ya kwanza."

Mhanga akajishika masikio. Maiti mbili, na kila moja imepewa neno lake! Akisema wote wameua, Chui atamgeukia yeye. Akisema wote wametuliza, basi kuua hakupo tena duniani. Akimtazama mjane, anaona haki iko pale. Akimtazama yule mama, haki inamponyoka. Kichwa kilimzunguka, na aliona aibu kwa kutojua.

"Miiba ibaki," akasema mwishowe, "ila igeuzwe, itazame nyuma. Atakayechomwa, tutajua alikuwa anamfukuza."

Hakuna aliyeshangilia. Chui aliguna, mjane alilia, miiba ikageuzwa.

Mvua zikaja, na kabla masika hayajaisha, akaletwa askari mwingine amechomwa kifuani. Alikuwa akimfukuza Bi Nungunungu, naye mjane akasimama ghafla, akamrudia kinyumenyume kwa kasi.

"Sasa hapo," aliuliza mkuu wa askari, "alikuwa anakimbia au anashambulia?"

Mhanga akaenda kuziinamia nyayo. Zilionyesha anakwenda, huku zinarudi. Akazitazama mpaka macho yakamuuma.

"Nipeni nafasi nifikiri," akasema. Akachimba shimo, akaingia.

Na tangu siku hiyo nungunungu humwendea adui yake kinyumenyume, na hakuna awezaye kusema anakimbia au anashambulia. Mhanga naye huchimba shimo, akaliacha, akachimba jingine, bado anafikiri. Nungunungu humfuata shimo kwa shimo kuuliza kama hukumu imetoka. Akikuta hakimu keshahama, hulala humo humo.