Sheria ya Masikio

Hapo zamani za masultani, kabla watu hawajajifunza kunong'ona, aliondokea Sultani Badawi wa Kiwandeo, mwenye wapelelezi wengi kuliko kuku. Na kwa kuwa wapelelezi hao walikuwa wakipelelezana wao kwa wao, Waziri Harithi akamtungia sheria mpya ya usalama: kila raia awe sikio la Sultani. Asikiaye neno baya juu yake alifikishe barazani siku ile ile, kwa maneno yale yale na kwa sauti ile ile. Anyamazaye atiwe gerezani.

Basi wa kwanza kunaswa akawa Mwanaisha, mke wa Shaame msuka mikeka, fukara asiye na mbele wala nyuma. Kisimani alisikia kwamba Sultani hukoroma, naye akaona hiyo si habari. Shaame akaenda kumwombea, akaambiwa, "Mlete aliyeanzisha maneno hayo, au mkeo ataozea humo."

Shaame alimpenda mkewe, akakesha akitafuta hila. Siku ya baraza akaingia, akapiga magoti.

"Bwana wangu, nimekuja kutii sheria. Nimesikia kwamba wewe hukoroma hivi." Akavuta pumzi, akakoroma hata mapazia yakapepea.

Wazee wa baraza wakainuka upesi waende zao.

"Mwaenda wapi, mabwana?" akauliza Shaame. "Nanyi mmesikia. Au mwataka gereza?"

Wakatazamana. Kadhi akatangulia, akakoroma kwa adabu. Waziri akafuata kwa sauti nyembamba, Shaame akamrudisha: "La, Bwana Waziri, haikuwa sauti ile." Ikawa kila akoromaye asikiwa na wenziwe, nao wakalazimika kukoroma upya, hata baraza ikawa kama zizi.

"Basi! Nimesikia!" Sultani akapiga kelele.

"Umesikia, Bwana wangu? Nawe utampelekea nani?"

Sultani akashika lingine: "Na aliyeanzisha yuko wapi?"

"Mimi, Bwana, sijapata kulala karibu nawe. Nimtaje alalaye?"

Nyuma ya pazia mke wa Sultani akaangua kicheko. Sultani naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Sheria ikachanwa, Waziri akapewa ufagio wa gereza, na Mwanaisha akatolewa.

Njiani akasema, "Nawe wakoroma, mume wangu, ila sijakushtaki."

Tangu hapo watu wa Kiwandeo husema na hukoroma bila hofu. Nami nilivyosikia ndivyo nilivyowafikishia, kwa maneno yale yale. Sauti tu ndiyo imenishinda.